Kura ya Mjumbe wa Bereza

Bereza, Saskatchewan
14 Septemba 1995

Mdogo wangu Metro,

Huku ngano imeshavunwa, mgongo wa Orest umeshaanza kulalamika, na mimi nimeshagombana na watu watatu tangu Jumatatu. Kwa hiyo jua kwamba sote tu wazima.

Ulicheka nilipokuambia nagombea ujumbe wa bodi ya shule. Ukasema, "Dada, na mdomo huo?" Haya, mdomo huo ulipata kura sitini na moja, na yule muuza matrekta akapata arobaini na nne. Karibu mwaka mzima sasa nakwenda mjini Haldane kila Jumatano ya tatu ya mwezi, nakaa kwenye ile meza ndefu na wajumbe wenzangu watano. Tungekuwa saba, ila tangu Bwana Pruden afariki kiti chake hakijajazwa. Mimi nilidhani tutazungumza mambo ya watoto. Thubutu! Kikao changu cha kwanza tulijadili zulia. Saa nzima, Metro, zulia la ofisi.

Sasa zulia limekwisha, wamekuja kwetu. Mkurugenzi wa elimu, Bwana Abbott, anataka shule ya Bereza ifungwe na watoto wetu thelathini na mmoja wapelekwe Haldane kwa basi. Oktoba bodi itapiga kura ya kuanza uchunguzi, na Januari itapiga kura ya mwisho. Ni saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi. Mtoto wa miaka sita, baridi nyuzi arobaini chini ya sifuri, basi likikwama katikati ya mashamba, nani atamfunika? Shule ile haifungwi nikiwa na pumzi. Nimeshawaambia, na wameshaniona wa ajabu.

Lakini kuna kikwazo. Abbott anasema kwa kuwa Orest ndiye dereva wa basi la Bereza, shule ikifungwa njia yake itarefuka na mshahara utapanda. Kwa hiyo eti nina maslahi, na mjumbe mwenye maslahi hutolewa nje wakati wa mjadala na kura. Nikamwambia, "Bwana we, mimi nataka kupiga kura ya kumnyima mume wangu huo mshahara!" Akanijibu kwamba sheria haiangalii unapiga upande gani. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minane, sheria za shule unazijua kama kiganja chako. Niambie ukweli: nitoke au nikae?

La mwisho, na hili liishie kwako. Yule kijana wa Paraska Sawchuk anataka kuhamia Alberta na mkewe na watoto wao wanne, mwezi wa saba. Mkewe ndiye aliyeninong'oneza tukitia matango kwenye chupa za siki. Paraska mwenyewe hajui, na siku akijua kwamba wajukuu wanaondoka sijui itakuwaje, mama wa watu.

Dada yako,
Halia


Regina
25 Septemba 1995

Dada Halia,

Nimesoma barua yako jikoni nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Zulia! Ningekuwepo ningelipa kiingilio.

Kuhusu swali lako, jibu ni fupi: toka. Najua hulitaki. Lakini ukikaa ukapiga kura, mtu yeyote wa Haldane anaweza kwenda mahakamani, kura itafutwa na wewe utavuliwa ujumbe. Bereza itabaki bila sauti kabisa. Tangaza maslahi yako mapema, karani aandike, kisha toka kwa heshima na usubiri ukumbini. Hakuna aibu ndani yake, ndivyo bodi zinavyofanya kazi nchi nzima. Mjumbe mmoja wa huku alitolewa nje mara tano kwa sababu ya shamba la mkwewe, na bado alichaguliwa tena.

Mimi nipo. Tangu nistaafu nafanya vijikazi vya ushauri hapa na pale, havina maana ya kukuchosha navyo. Wewe niandikie ya nyumbani. Siku hizi Bereza inanijia sana. Nani kaoa, nani kazaa? Watoto wadogo ambao hawajafika umri wa shule ni wangapi sasa? Nikikaa mbali nasahau hata sura za watu.

Msalimie shemeji. Mwambie mgongo ule unataka kitanda kigumu, hautaki vodka.

Mdogo wako,
Metro


Bereza
19 Oktoba 1995

Metro,

Nilitoka. Nilifanya kama ulivyosema, neno kwa neno, kama mtoto wa shule.

Mwenyekiti wetu, Bi Verna Kilbride, akaniambia kwa ile sauti yake ya asali, "Asante, Halia. Tafadhali ufunge mlango." Nikasimama ukumbini, nje ya chumba cha kikao, na makoti yao. Nikasoma tangazo la chanjo ya mafua mara nne. Nikasikia mtu anacheka mle ndani, sijui anacheka nini. Dakika kumi na mbili, Metro, kisha karani akafungua mlango akaniita kama anayeita mgonjwa kwa daktari. Kura tatu kwa mbili, hoja ya kuanza uchunguzi imepita.

Hesabu hiyo unaiona? Ningekuwa ndani zingekuwa tatu kwa tatu, na kwa kanuni zetu kura zikilingana hoja imekufa. Shule yetu ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuiokoa na mtu huyo alikuwa nje anasoma habari za mafua!

Leo asubuhi nimeingia dukani kununua hamira. Mama Hrycak ananiangalia juu mpaka chini, anasema mbele ya watu, "Halia, tulikuchagua ukasimame ukumbini?" Nikatoka bila hamira. Mimi! Orest alipokuja kunichukua akaniuliza naumwa wapi.

Umeuliza watoto ambao hawajafika umri wa shule. Wapo tisa. Wawili ni wa jirani yetu Lesia, ila hapo kuna moto, yeye na mumewe wanarushiana vyombo, na mama yake anasema kabla ya Pasaka mmoja wao atakuwa ameondoka. Hilo nalo usilitoe nje.

Kumbe Abbott alishaajiri kampuni ya huko kwenu Regina hata kabla ya kura, iandike ripoti ya uchunguzi. Wamekuja vijana wawili wamepima madirisha wakaondoka. Hata chai hawakunywa.

Halia


Regina
2 Novemba 1995

Dada Halia,

Pole sana. Mama Hrycak alikuwa hivyo hivyo tangu nikiwa darasa la pili, usimtie moyoni.

Nikuulize kitu kama ndugu, na usinirukie. Je, kama Abbott ana hoja? Haldane kuna maabara, kuna mwalimu wa muziki, kuna uwanja wa barafu wenye paa. Bereza mwalimu mmoja anafundisha madarasa matatu chumba kimoja. Mimi na wewe tunalipenda lile jengo kwa sababu tulikuwa watoto ndani yake. Mtoto wa leo anahitaji mengine. Na kiapo chako cha ujumbe ni kwa watoto wa wilaya nzima, si kwa kijiji kimoja.

Fikiria tu. Na Januari, tafadhali, toka tena.

Metro


Bereza
4 Desemba 1995

Kwa Bwana Dmytro Chorney, mshauri,

Nimepata ripoti yako.

Usihangaike kukana. Jina lako halimo, si Dmytro wala Metro, wameweka jina la kampuni tu, na Abbott mwenyewe nadhani hajui kwamba mimi kabla ya kuolewa nilikuwa Chorney. Lakini nimefika ukurasa wa tisa. Pale imeandikwa kwamba wanafunzi wanne watapungua kabla ya Septemba kwa sababu familia moja inahamia Alberta. Chini yake imeandikwa kuwa watoto wasiofika umri wa shule ni tisa, ila wawili kati yao ni wa mashaka "kutokana na hali ya nyumbani". Metro! Mambo hayo yamewahi kuandikwa mahali pawili tu duniani: kwenye barua zangu kwako, na kwenye ripoti hiyo. Wale vijana wa kupima madirisha waliyaona wapi, kwenye kioo?

Nimekaa kwenye ngazi za ghala na ile ripoti mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nakuandikia kama ndugu, kumbe nakuchotea maji ya kuizamisha shule. "Nani kaoa, nani kazaa." Na mimi zuzu nahesabu watoto kwa vidole nakuletea!

Sasa sikiliza ulichofanya. Sheria inataka ripoti iwekwe hadharani, basi wakaweka nakala posta. Paraska alikwenda kuchukua barua zake, akavaa miwani, akaisoma pale pale amesimama. Familia yenye watoto wanne hapa kijijini ni moja. Amejua kutoka kwa karatasi ya Regina kwamba mwanawe wa pekee anaondoka. Ilibidi mama wa posta amkalishe kwenye mzani wa vifurushi. Na alipouliza nani amesema, mkwewe, yule yule aliyeninong'oneza, akamwambia ni Halia peke yake aliyejua. Jumapili Paraska ametoka kanisani kwa mlango wa pembeni ili asipite karibu yangu. Miaka arobaini tunakaa benchi moja.

Hilo la mdomo ni kosa langu, nalibeba. Lakini uliniambia nitoke. Ulikaa Regina ukiandika ripoti ya kuifunga shule, na kwa mkono huo huo ukaniandikia mimi nitoke. Haya, niambie hiyo nayo inaitwaje.

Halia Woytowich
Mjumbe wa Bodi, Bereza


Regina
12 Desemba 1995

Dada,

Ndiyo. Mimi ndiye niliyeandika.

Kampuni ilinipa kazi hiyo Agosti, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilitaka kukuambia siku ile ile. Nilikaa na kalamu, nikaandika, nikachana. Kisha nikajiambia kwamba lazima mtu aiandike, na bora aiandike mtu anayejua kwamba mlango wa nyuma wa shule ile unafunguka kwa teke. Kadiri siku zilivyopita ikawa vigumu zaidi kusema, na wewe ukawa unaniletea habari nzuri kiasi kwamba nikaacha kutafuta pengine. Kuhusu Paraska sina la kujitetea. Nilitoa majina nikadhani inatosha. Nilisahau kwamba huko kwetu majina hayahitajiki.

Lakini mengine siyarudishi nyuma, Halia. Ripoti ni ya kweli. Wanafunzi wanapungua, na hata ukinitukana hawataongezeka. Na nilipokuambia utoke nilikupa sheria kama ilivyo. Muulize wakili yeyote atakuambia hivyo hivyo. Laiti shemeji asingekuwa dereva! Lakini ni dereva, miaka ishirini na miwili. Ukikaa ndani Januari watakuvua ujumbe wakicheka, na mimi sitaki kuliona hilo.

Nichukie ukitaka. Ila toka.

Metro


Bereza
9 Januari 1996

Kwa Bwana L. Abbott, Mkurugenzi wa Elimu, Haldane
Nakala: karani wa bodi
Nakala: shemeji yangu Metro, Regina, maana ndiye aliyenipa wazo

Bwana Abbott,

Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo ukiona makosa pita juu yake.

Naacha kazi ya kuendesha basi la Bereza kuanzia leo. Funguo zote mbili zimo kwenye bahasha hii, na ile ndogo ni ya sanduku la huduma ya kwanza. Tangi nimelijaza. Hita ya nyuma inataka kupigwa ngumi kidogo upande wa kushoto ndipo iwake, mwambie atakayefuata. Yule msichana wa Bodnar hutapika akikaa nyuma, akae kiti cha pili.

Watu watasema mke wangu amenituma. Hakunituma. Nimemwambia leo asubuhi akikoroga uji, akanirushia mwiko. Alisema, "Orest, umechanganyikiwa, basi lile ndilo linalokutoa kitandani." Ni kweli. Lakini shemeji yangu alimwandikia kwamba laiti mimi nisingekuwa dereva. Nikaisoma mara mbili nikaona, kumbe ni jambo dogo hivyo.

Msinitunzie nafasi. Sitairudia shule ikifungwa, wala isipofungwa. Nataka iandikwe hivyo ili asije mtu kusema Halia anapiga kura huku kazi yangu inanisubiri mlangoni.

Miaka ishirini na miwili sijawahi kumwacha mtoto njiani.

Orest Woytowich


Bereza
19 Januari 1996

Metro,

Krismasi yetu ya kalenda ya kale imepita tarehe saba, hukuja. Sahani yako nilikuwa nimeiweka, usije ukasema sikuiweka.

Sasa nakueleza ya Jumatano, maana wewe mtu wa ripoti unapenda mambo yaandikwe.

Chumba cha kikao kilijaa. Watu wa Bereza walikuja na malori na magari ya theluji, wakasimama mpaka ukumbini kwenye makoti. Bi Kilbride akafungua kikao, akafika kwenye hoja ya kuifunga shule, akanigeukia na ile asali yake. "Halia, utatangaza maslahi?"

Nikasema, "Sina."

Abbott akakohoa. "Lakini Bwana Orest ni—"

"Bwana Orest ni nani? Mwambie karani asome barua ya tarehe tisa."

Karani akaisoma yote, Metro, hadi hita na msichana wa Bodnar. Watu wakaanza kucheka, halafu alipofika ile ya kutomwacha mtoto njiani wakaanza kuvua kofia. Abbott akasema barua hiyo bado haijakubaliwa rasmi na ofisi yake. Nikamuuliza, "Leo asubuhi nani aliendesha basi la Bereza?" Akamwangalia karani. Nikarudia. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Fundi wa gereji! Na alipotea, watoto walifika saa nne!" Bwana Abbott akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Bi Kilbride akaniambia polepole kwamba nikikaa najiweka hatarini. Nikamwambia, "Mama, nimeshasimama ukumbini mara moja, tangazo la mafua nimelihifadhi. Leo sitoki ng'o."

Nikaomba kusema. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya umbali na baridi, nikayasema, lakini kabla yake nilisema jingine. Niliwaambia wajumbe wote na watu wote waliojaa mle kwamba habari za ukurasa wa tisa zilitoka kwangu. Kwamba niliaminiwa siri za nyumba za watu nikaziandika kwenye barua, na mjumbe hafai kufanya hivyo, na Paraska Sawchuk namwomba radhi mbele ya kila mtu. Paraska alikuwa mstari wa tatu. Hakuniangalia.

Halafu nikajibu swali lako la Novemba, ingawa wao hawakujua ni lako. Nilisema ndiyo, niliapa kwa watoto wa wilaya nzima. Lakini wilaya nzima ingekuwa inatosha kujisemea, kusingekuwa na kiti kilichoandikwa Bereza. Wametuwekea kiti pale ili wanapopanga kumweka mtoto wa miaka sita barabarani saa mbili na nusu kwa siku, awepo mtu mmoja mezani anayemjua mtoto huyo kwa jina. Maabara nataka. Mwalimu wa muziki nataka. Wamtie kwenye gari aje kwetu mara mbili kwa wiki, yeye ni mtu mzima, hatatapika.

Wakapiga kura. Ikainuka mikono mitatu ya kufunga. Mitatu ya kutofunga, na mmoja wao wangu, na ulikuwa juu kuliko yote, Orest anasema kwapa zima lilionekana. Bi Kilbride akaangalia mikono, akamwangalia karani, akaangalia tena mikono kama vile itaongezeka. Kisha akasema, "Kura zimelingana. Hoja imeshindwa." Sijawahi kusikia kelele kama zile ndani ya jengo la serikali.

Abbott amenifuata nje akaniambia nisifurahi sana, hoja itarudi mwakani. Nikamwambia airudishe. Nipo mpaka Novemba 1997, na baada ya hapo nagombea tena.

Kwa hiyo shule ipo. Orest hana basi. Kila asubuhi saa moja na nusu anasimama dirishani na kikombe chake, likipita anasema, "Gia ya tatu mapema mno," kisha anakaa. Hajanilaumu hata mara moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Paraska bado anatumia mlango wa pembeni.

Ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi tarehe kumi Februari, saa nane mchana, wazazi wanakutana shuleni kuijadili ripoti ile ukurasa kwa ukurasa. Wanadhani iliandikwa na mtu wa mjini asiyetujua. Wananiuliza mimi ni nani huyo, na Jumatano nilipobeba langu sikutaja la mwenzangu. Nimekaa kimya mpaka leo na kimya hicho kinaninyima usingizi, kwa sababu nimewaomba radhi kwa siri niliyoitoa huku nikishikilia nyingine.

Njoo. Utakaa kwenye vile viti vidogo, magoti kifuani, usome ukurasa wa tisa kwa kinywa chako mwenyewe, na Paraska akiwa mbele yako. Ukitaka kuitetea ripoti, itetee. Nitakupinga mstari kwa mstari, lakini nitakupinga wewe, Metro Chorney, mwenye sura na jina. Ukimaliza, kutakuwa na chakula kwetu na kitanda.

Usipokuja, saa nane na robo nitasimama niseme jina lako mimi.

Mjumbe wa Bereza, na bado dada yako,
Halia